Goti la Mama Mkwe Juu ya Tairi

Mama mkwe wangu alinishika mkono mchana kweupe, uani kwangu, na aliyetukuta ni Nalongo, mwanamke ambaye ukimwambia siri asubuhi, saa sita inakurudia ikiwa na mkia. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Kwetu Kyotera mtu hamshiki mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hapandi naye gari moja hata kama ni la kwenda hospitali. Mnasalimiana kila mmoja akiwa upande wake wa ukuta, basi. Anayevuka hapo anapatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono usiopona, na mwenye mikono hiyo hakuna anayemuuliza daktari amesema nini. Wanaulizana pembeni alifanya nini na mkwe wake. Mama mkwe wangu ni mjane, ana binti mmoja tu, na binti huyo nimemuoa mimi. Kwa hiyo mkwe ni mimi peke yangu, na jina likichafuka ni la watu wawili, lake na langu.

Mimi naitwa Lubyayi, naendesha bodaboda. Siyo zile zenu zinazokaa na matope mpaka Krismasi. Pikipiki yangu ina rimu za rangi ya dhahabu, na kila asubuhi nazifuta kwa kitambaa kabla sijafuta uso wangu. Wateja wananijua kwa rimu hizo. Sasa tairi la nyuma lilikuwa limeisha, limekuwa laini hadi unaweza kulifanya kioo cha kunyolea ndevu, nikanunua jipya. Kijiweni kuna fundi, lakini yule bwana anabandua tairi kwa nondo za kujengea nyumba. Rimu ya mwenzangu Kibirango ilitoka kwake imetafunwa pande zote. Nikasema, hapana, yangu naifanyia nyumbani.

Nyumbani siku hizo kulikuwa na mgeni. Mke wangu Nabawanuka alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki ile ile, na mama yake alikuja kumkanda na kumpikia. Alilala jikoni, kile kibanda cha nyuma, na mlangoni tulitundika shuka ili mimi nikipita uani nisimwone. Asubuhi napiga magoti nje ya shuka nasalimia, naye anaitikia kutoka ndani kwa sauti ndogo, halafu kila mtu na shughuli zake. Sitaficha: sikumpenda sana. Wanakijiji wake walimwona mwenye majivuno, mwanamke asiyehudhuria harusi, na akienda msibani anakaa nyuma kabisa, mikono ameikunja ndani ya mshipi wa gomesi, lile gauni refu la mama zetu, hata salamu za mikono hapokei. Mimi nilijiambia anatudharau sisi wa bodaboda.

Basi siku hiyo, jua likiwa limeshachangamka, nikafungua gurudumu nikalitoa. Kazi hii ukiifanya kwa pupa unaumia wewe na rimu inaumia. Kwanza nilitandika tairi kuukuu chini, juu yake gunia, ili chuma kisiguse ardhi. Nikatoa upepo wote. Nikalikanyaga tairi kwa visigino, nazunguka pole pole, mpaka ukingo wake ukaachia rimu pande zote mbili. Nikapaka maji ya sabuni kwa wingi. Halafu kila mahali nilipotaka kutia chuma cha kubandulia, nilivika kwanza kipande cha dumu la njano nilichokikata mwenyewe na kukikunja, kikakumbatia mdomo wa rimu. Nikawa nainua kidogo kidogo, upana wa vidole viwili, sina haraka. Tairi bovu likatoka. Nikaikagua rimu, haina hata mkwaruzo wa ukucha wa paka. Nikafurahi mwenyewe, nikaipiga busu.

Tairi jipya nilikuwa nimelianika juani lilainike. Upande wa kwanza uliingia kwa mikono tu. Nikaweka tyubu, nikaitia upepo kidogo isije ikabanwa, nikaanza upande wa pili. Sasa hapo ndipo tairi linapokuonyesha tabia yake. Mwanzo linaingia kama mkate kwenye chai, ukifika kipande cha mwisho linakaza, kila ukiingiza huku linachomoka kule. Dawa yake moja tu: upande ule uliokwisha kuingia, mtu aukandamize kwa goti, ukingo uzame kwenye bonde lililo katikati ya rimu. Ukizama pale, huku mbele unapata nafasi. Usipozama utavuta mpaka upasue tyubu au ukwaruze rimu.

Goti langu miaka yote lilikuwa Nabawanuka. Sasa Nabawanuka yuko ndani na mtoto, amekatazwa hata kuinua ndoo.

"Lubyayi, unapigana na nani huko?" Nalongo alikuwa ng'ambo ya ua wa miti, anamenya ndizi. Ni jirani yetu, mama wa mapacha, na macho yake hayana likizo.

"Na tairi, Nalongo. Menya ndizi zako."

"Limekushinda? Baba mzima, juzi tu umepata mtoto!"

"Halijanishinda. Linataka mtu wa kulipigia goti tu."

"Si useme! Nije nilikalie? Nikikaa mimi litaingia lenyewe, na wewe utaingia."

"Ukilikalia wewe nitanunua rimu nyingine, na mgongo mwingine."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ngoja ninawe utomvu huu, nazunguka nakuja. Usilie."

Ua ule ni mnene, haupitiki. Lazima atoke hadi barabarani aje na njia ya mbele. Mimi sikungoja. Nilichuchumaa, vyuma viwili nimeshavilaza chini ya nyayo zangu, cha tatu mkononi, kichwa nimekiinamisha hadi pua inakaribia rimu. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Nalongo huvaa kandambili, unamsikia anakuja tangu kanisani. Hizi zilikuwa nyayo tupu. Nikajua ni mke wangu kanikaidi. Magoti mawili ya gomesi yakashuka juu ya tairi, upande wa pili, pale pale panapotakiwa.

"Wewe mwanamke ni mbishi," nikasema bila kuinua kichwa. "Haya, kandamiza hapo hapo, usiinuke. Na unishikie chuma hiki."

Mkono ukaja. Niliuona ukija. Ukapita juu ya kidole gumba changu, ukakishika kile chuma pamoja na vidole vyangu, na papo hapo chuma kikaanza kugonga rimu: ti-ti-ti-ti-ti.

"Wee! Shika vizuri! Unanikwaruzia!"

Nikainua kichwa.

Sijui niseme vipi. Uso ule nilikuwa sijawahi kuuona kwa karibu, lakini ulikuwa uso wa mke wangu uliozeeka. Macho yake yalikuwa ndani ya macho yangu, hakuna shuka, hakuna ukuta, hakuna hata aibu ya kuangalia pembeni. Nimemshika mama mkwe. Nimemtazama. Na juu ya hayo nimemfokea.

Nilitaka kuruka nikimbie mpaka Tanzania. Lakini ningeachia chuma kile, kingefyatuka kimpige taya, na tungekuwa na obuko pamoja na maiti. Nikabaki nimeganda pale, mkono wake juu ya wangu, naye ananitazama, na chuma kinagonga ti-ti-ti-ti.

"Maliza, baba," akasema taratibu. "Limebaki kidogo."

Nikavuta. Mungu ananiona, nilivuta macho nimeyafumba. Tairi likaingia kwa mlio mmoja mkubwa, pa! Nikaanguka kwa makalio, na nilipofumbua macho nikamwona Nalongo amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono bado inadondosha maji, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema.

Halafu akalipata. Akapiga nduru ile ya msiba, ile inayomfanya mtu aache hata chakula motoni. "Baganda wenzangu, njooni! Nimeona maajabu! Mtu na mama mkwe wake, magoti kwa magoti!"

Watu wa kwetu wakiitwa kazini hawaji. Wakiitwa kushuhudia aibu, wanatoka mpaka wagonjwa. Ua ulijaa. Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti juu ya tairi langu, hakukimbilia jikoni, hakujifunika. Mikono yake ameiweka mapajani, wazi, na ilikuwa inatetemeka yote miwili, vidole gumba vinasugua vidole vya shahada bila kukoma.

"Oneni!" Nalongo akanyoosha kidole, sasa sauti yake ina hofu ya kweli. "Oneni obuko! Umeshamwingia! Ee Mungu, hata dakika haijapita!"

Watu wakarudi nyuma. Mimi nikaitazama mikono yangu. Imetulia kabisa, ina sabuni tu. Ndipo nikakumbuka kitu, moyo ukanipasuka. Ule mkono, niliuona ukija. Ulikuwa unatetemeka hewani, kabla haujanigusa.

"Lubyayi," mzee mmoja jirani akaniita, naye kasimama mbali, "mikono ya mama huyu imeanza lini kutetemeka?"

Furaha ilinipanda, sikufichi. Nilijua nimepona. Nitasema ukweli: ilikuwa inatetemeka kabla! Siyo mimi, siyo tairi, nasingiziwa bure! Nikafungua mdomo.

"Lubyayi!"

Ni mke wangu, mlangoni, mtoto kifuani. Tangu tuoane hajawahi kuniita jina mbele za watu, huniita baba. Alikuwa anatikisa kichwa, kidogo tu, na machozi yanamtiririka. Nikaelewa kwamba yeye anajua. Anajua tangu zamani, na hakuniambia.

Nikamgeukia mama mkwe. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, na ameshafunga mizigo. Hapo ndipo akili yangu, ambayo siku nyingine inafanya kazi vizuri, ikaanza kuhesabu. Kama mikono hii ilianza kabla ya leo, basi ilianza na nani? Mkwe ni mimi peke yangu. Nikisema "kabla", sijajiokoa, nimejimaliza, na yeye nimemzika. Watasema tulianza zamani, mafichoni, na leo tumekosea tu tukaonekana. Mke wangu atalea mtoto huyu katikati ya minong'ono hiyo mpaka aote mvi. Lakini nikisema "leo", basi ni ajali. Ni tairi. Watu wametuona, jua linawaka, hakuna kilichofichwa.

"Leo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikaikaza. "Imeanza sasa hivi. Kosa ni langu. Nilikuwa nimeinama, nikadhani ni mke wangu, nikamwambia anishikie chuma. Mimi ndiye niliyemshika."

Nalongo akaanza kulia. Nalongo! "Masikini mama wa watu," akasema. "Alitaka kumsaidia huyu na tairi lake la majivuno. Rimu, rimu, kila siku rimu! Ona rimu zilichofanya!" Akanigeukia. "Unangoja nini, wewe? Nenda ukatafute lubugo umfunike mama yako, kabla ugonjwa haujakupanda na wewe!"

Lubugo ni ile nguo ya gome la mti tunayozikia watu, na mkwe aliyekosea huipeleka kwa mama mkwe, ajifunike, heshima irudi. Nikarudisha gurudumu pale pale watu wakinitazama, nikajaza upepo, nikaondoka kwa fundi wa magome. Niliporudi, Nalongo akaipokea, akaipeleka nyuma ya shuka, akamvika. Kina mama wakaingia jikoni mmoja mmoja kumpa pole. Niliwasikia wakimshika ile mikono, wakiisugua, "pole nnyabo, pole sana, ni ajali," naye anaitikia. Mimi hakuna aliyenipa pole. Kijiweni siku hizi naitwa Goti.

Alasiri, watu walipokwisha kuondoka, nilikaa nje ya jikoni, mgongo nimeupa shuka. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka.

"Mama," nikasema, "nataka kukuuliza."

"Uliza, baba."

"Hukujua kwamba Nalongo alikuwa njiani? Alisema kwa sauti. Kijiji kizima kilimsikia."

"Nilimsikia."

"Sasa ulitoka kufanya nini?"

"Tairi lako halikunihitaji," akasema. "Nilikuwa nakuchungulia tangu asubuhi. Ungelimaliza hata peke yako, una subira. Nilitoka ili Nalongo anikute."

Nikageuka nusu, nikakumbuka, nikarudi kutazama mbele. Yaani mtu na akili zake timamu amekaa nyuma ya shuka, amepima, amechagua hadi shahidi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote!

"Ilianza mwaka wa pili baada ya harusi yenu," akaendelea. "Kijiko kilianguka. Siku ya pili kikaanguka tena. Nikajua watu watasema nini, maana mkwe nilikuwa naye mmoja tu. Nikaacha harusi. Nikaacha kupeana mikono. Nikaacha kunywa uji mbele za watu. Hospitali sikwenda, muuguzi wa pale ni wa kijijini kwetu, na foleni yote ingeniona. Nilimwambia Nabawanuka peke yake, nikamwapisha asikwambie, ili usije ukaogopa kuishi na mwanangu. Ona sasa nimekaa na mjukuu siku zote hizi, sijambeba hata mara moja mbele ya mtu mwingine. Nilichoka, mkwe wangu. Nilitaka ugonjwa wangu upate sababu ambayo mtu anaweza kuitaja."

"Na sababu hiyo ukaamua iwe mimi."

"Ndiyo. Nimekuonea."

Alisema hivyo hivyo, bila kupamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno matamu, nikakosa pa kupigia.

"Na ningesema kabla?" nikamuuliza. "Kweli ilikuwa mdomoni, mama. Ilishafika kwenye meno. Ningeisema je?"

"Ungekuwa na haki ya kuisema."

"Na wewe?"

"Nisingekuwa na pa kwenda." "Nilikuwa nabahatisha. Umemuoa mwanangu miaka yote hii na mimi sijui wewe ni mtu wa namna gani. Ningejulia wapi? Najua kikohozi chako na mlio wa pikipiki yako. Wasichana wengine wameolewa na watu wabaya wenye vikohozi vizuri tu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nami nilimwona ana majivuno, kwamba nimemsema vibaya mezani kwangu huku binti yake akinyamaza. Sikusema.

"Kesho nakwenda hospitali," akasema. "Nitakaa kwenye foleni, mikono yangu nimeiweka nje. Wakiniuliza nitawaambia ni tairi la mkwe wangu."

"Waambie na rimu," nikasema. "Umeikwaruza."

Hapo akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Nabawanuka alitokea mlangoni kutazama ni nani.

Kisha nikasikia sufuria inafunuliwa na kijiko kinagonga sahani. Kwetu chakula cha mkwe huletwa na mke wake. Lakini shuka ile iliinuka chini, kidogo tu, na sahani ya matooke na mchuzi wa karanga ikatoka taratibu juu ya udongo, mkono wa mama mkwe umeishika. Ulikuwa unatetemeka vibaya. Mchuzi ulimwagika kushoto, ukamwagika kulia, nusu yake ikaishia chini, na hakuharakisha wala hakuurudisha mkono ndani mpaka nilipoipokea.